Siki Imesafisha

Juzi, wakati nakabidhi ufunguo wa maabara, kijana mmoja kati yenu aliokota chupa ya kahawia nyuma ya kabati, akasoma maandishi yaliyofifia, akaniuliza asidi ya siki tuliitumia kwa kazi gani. Nikamwambia, ya kupikia mkojo. Akacheka, akidhani ni utani wa bibi anayestaafu. Siyo utani. Nyie mnachovya kijiti, mnasoma rangi, mnarudi kwenye simu zenu. Sisi tulipika. Na kwa kuwa mmeniomba niwaandikie machache kabla sijasahau, nitawaandikia hayo ya kupika, pamoja na habari ya binti mmoja wa kijiji cha Mkunya ambaye siki nusura itupotezee. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye faili langu, na hamtatumia muda mrefu kulimaliza.

Nilipanda Newala mwezi wa saba nikitokea kwetu Masasi, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza mafunzo. Masasi ni joto na mawe. Huku juu nilikuta upepo unaopita ndani ya sweta, na wenyeji wanaota moto asubuhi kana kwamba ni jambo la kawaida. Mkuu wa maabara alikuwa Bwana Nampota, mtu wa Kitangari, mrefu, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikabidhi chupa ya asidi kali ya siki nikaizimue na maji. Nikaiinamisha. Hakikutoka kitu. Ndani kulikuwa na donge jeupe limeshikana na kioo. Nilihisi nimeharibu kazi kabla sijaianza.

"Imeganda tu," alisema Bwana Nampota. "Asidi hii ikiwa kali hivi haipendi baridi. Ni kama wewe, imezoea Masasi."

Akaiweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akarudi kwenye darubini yake. Tulikaa tunaingoja iyeyuke huku akinifundisha sheria zake. Asidi inamiminwa kwenye maji, kamwe maji hayamiminwi kwenye asidi. Chupa kali haikai karibu na dirisha la wagonjwa. Maji ya kuoshea vioo yanatumika mara mbili, ya pili ni ya kudekia, kwa sababu maji ya uwanda huu yamepandishwa na mtu kutoka bondeni na mtu huyo ana shingo. Darubini yetu ilikuwa ya kioo cha kuakisi mwanga, siyo ya umeme, hivyo siku za mawingu malaria ilijificha vizuri sana.

Sasa kupika. Unajaza mkojo kwenye mrija wa kioo, unaushika kwa koleo la mti, unachemsha sehemu ya juu kwenye moto wa taa ya spiriti. Sehemu ya chini unaiacha ili uwe na cha kulinganisha. Ukibaki mweupe safi, umemaliza. Ukichafuka kama maji ya mchele, bado hujui kitu, maana inaweza kuwa protini inayovuja kutoka kwenye figo, na inaweza kuwa chumvichumvi tu zisizo na madhara. Hapo ndipo unadondosha matone machache ya siki iliyozimuliwa. Uchafu ukibaki, figo zina taabu. Uchafu ukiyeyuka na mrija ukawa safi, figo hazina kosa. Wengine mtasema ni kazi ya jikoni. Ni kweli, na mimi nimelea watoto wanne kwa uzoefu huohuo wa kutazama kitu kisichemke kikamwagika.

Chumba cha daktari kilikuwa ng'ambo ya ukumbi, na ukumbini ndiko wagonjwa walikaa kwenye benchi. Majibu tuliyaandika, lakini Bwana Nampota alikuwa na sauti na hakupenda kungoja. Mrija ukitakata, alifungua mlango akasema, "Dokta, siki imesafisha." Daktari alijua maana yake. Mimi nilijua. Mhudumu aliyekuwa anadeki alijua. Kwa miaka mingi maneno hayo mawili yalitutosha wote, na hakuna aliyejiuliza benchi linaelewa nini.

Zikaja zama za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Nyie mmezaliwa maduka yakiwa yamejaa, hamuwezi kujua tulivyoshangaa. Korosho ambazo tulizoea kuona zinakwenda kwa mnunuzi mmoja zikaanza kugombewa na wanunuzi wa kila namna, wakija na magari hadi mashambani. Mitumba ikamwagwa sokoni. Na maduka ya dawa baridi yakachipuka hadi vijijini, mengine yakiendeshwa na watu waliojua dawa, mengine na watu waliokuwa wakiuza misumari mwaka uliotangulia. Tulifurahi, tusidanganyane. Kabla ya hapo mtu aliweza kukosa panadoli wilaya nzima. Lakini pamoja na panadoli viliingia vidonge vidogo ambavyo mtaani viliitwa vya mashavu. Ukivila, unasikia njaa, uso unajaa, watu wanakusifia kuwa umependeza. Vilikuwa dawa halisi, za pumu na mzio na maradhi mengine makubwa, za kutolewa na daktari kwa hesabu. Sasa viliuzwa pembeni ya sabuni.

Hivyo ndivyo Somoe alivyotufikia. Alikuja na mama yake, mwanzoni mwa msimu wa korosho, mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakiwa yanaanza kudondoka. Alikuwa mwali aliyeposwa na kijana wa Tandahimba, na harusi ilipangwa msimu ukiisha. Mama Somoe alikuwa mjane, na binti huyo ndiye mtoto pekee aliyembakia. Walipoingia nilidhani ni msichana aliyeshiba vizuri, mpaka alipokaa. Uso ulikuwa wa mviringo, umejaa hadi macho yanabanwa, na nyuma ya shingo nyama zimejikusanya. Mikono na miguu ilikuwa myembamba, kama imeazimwa kwa mtu mwingine. Alipanda ngazi zetu tatu akapumzika.

"Amevimba, mwanangu," Mama Somoe aliniambia. "Mwanzo tulifurahi amekuwa nnene. Sasa hata kunyanyua ndoo hawezi. Wanasema ni figo."

Nilipokea mkojo nikaupika mlango ukiwa wazi kwa ajili ya joto. Mama Somoe alisimama kizingitini akitazama. Mkojo ulichemka, ukachafuka. Nikamwona anashika mdomo. Nikadondosha siki, na pale pale mbele ya macho yake ule uchafu ukaondoka, mrija ukawa safi kama maji ya kisima. Bwana Nampota, aliyekuwa nyuma yangu akihakiki, akatoa kichwa nje na kusema yale aliyokuwa akisema siku zote. Mama Somoe akashusha pumzi kwa nguvu hadi nikaisikia. Nilifikiri ameelewa kwamba figo ni nzima.

Daktari wetu wakati ule alikuwa Dokta Mushi, mtu wa Kilimanjaro, mpole, aliyekuwa akiteseka na ugali wa muhogo bila kulalamika hadharani. Aliposikia figo hazina kosa alimtazama Somoe upya. Akakuta michirizi ya zambarau tumboni, na shinikizo la damu liko juu. Aliniomba nipime na sukari kwenye mkojo, nikaikuta imo kidogo. Ndipo akauliza juu ya dawa. Mama akasema hakuna dawa yoyote. Akauliza tena, kwa upole, akianza na shikamoo upya kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Somoe mwenyewe ndiye aliyefungua fundo la khanga na kutoa pakiti. Alikuwa akila vidonge vya mashavu tangu kabla ya mvua za mwaka ule, mama akimnunulia ili wakwe wasije wakasema wameletewa fimbo.

Dokta Mushi alituita na sisi tusikie, kwa sababu alipenda kufundisha. Alisema hali ile inaitwa Cushing, ambayo ukumbini iligeuka Kushingi kabla ya saa sita mchana. Juu ya kila figo, alieleza, kuna tezi ndogo imekaa kama kofia. Tezi hizo hutengeneza kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila hicho. Ukiuletea mwili kitu hicho kwa vidonge kila siku, unakizidisha na unavimba hivi, na zile tezi zinaona kazi imepata mtu mwingine, zinalala.

"Kwa hiyo, Mama, vidonge hivi ndivyo vimemfanya hivi," alisema. "Lakini asiviache ghafla. Nitampangia apunguze kidogo kidogo, mpaka tezi ziamke. Akiviacha vyote siku moja anaweza kupotea. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba," alisema Mama Somoe. Akapokea karatasi ya dawa kwa mikono miwili, wakaondoka.

Wafundisheni wanafunzi wenu jambo hili: mtu akisema ameelewa mbele ya koti jeupe, mara nyingi maana yake ni kwamba anaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Hazikupita wiki mbili, asubuhi ya siku ya soko, baiskeli mbili zilisukumwa hadi mlangoni zikiwa zimefungwa kitanda cha kamba katikati. Somoe alikuwa juu yake. Uso bado ulikuwa wa mviringo, lakini macho yalikuwa yamezama na midomo imekauka. Alikuwa ametapika njia nzima. Dokta Mushi alimpima shinikizo akarudia, kwa kutoamini, maana lilikuwa limeporomoka. Wote tulifikiria malaria kali kwanza, kama mnavyofikiria nyie, na niliagizwa nitoe damu haraka. Niliinama kumchoma kidole, na pumzi yake ikanijia usoni. Siki. Siyo ya chupa yetu, hii ilikuwa na harufu ya mabibo chini yake.

Nilimwambia Dokta Mushi nilichonusa. Hakuniuliza nina uhakika gani. Alimgeukia Mama Somoe.

"Mama, anakunywa nini?"

"Siki, baba. Kikombe cha kahawa asubuhi, na jioni."

"Na vidonge?"

"Nilivitupa chooni siku ileile."

Hakusema kwa kujificha. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya kazi aliyoifanya vizuri. Kwa jirani yake kulikuwa na uraka, ile pombe ya mabibo, uliochachuka mpaka ukawa siki. Alikwenda hata kumuuliza mwalimu wa madrasa kama inafaa kinywani, naye akamwambia pombe ikishageuka siki yenyewe ni halali. "Wewe ulisema vidonge ndivyo vilivyomharibu ntoto," alimwambia daktari. "Sasa nikaendelee kumlisha? Na nkojo wake niliuona kwa macho yangu, mchafu, wakatia siki ukawa safi. Na huyu bwana mkubwa akatangaza, siki imesafisha. Nimekosea wapi?"

Nilimtazama Bwana Nampota. Koti lake lilikuwa limesimama vilevile, lakini mtu aliyekuwa ndani yake alikaa kwenye benchi la wagonjwa bila kuangalia anakaa wapi.

Dokta Mushi hakumgombeza mtu. Alikwisha kuning'iniza dripu ya maji ya chumvi na ya sukari na alikuwa akiifungulia yote ikimbie. Alisema tezi zimelala, vidonge vimekatika, mwili umebaki mtupu, na siki imemalizia kwa kumtapisha. Alihitaji sindano ya deksa, dawa ya jamii ileile ya vidonge, na aliihitaji sasa. Mfamasia akafungua kabati na kurudi mikono mitupu. Ilikuwa imekwisha, na gari la dawa halijulikani liko wapi. Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, chini kabisa ya uwanda.

"Hemedi anayo," alisema Mama Somoe.

Hemedi ndiye aliyemuuzia vidonge vya mashavu. Duka lake lilikuwa ng'ambo ya stendi. Bwana Nampota alinyanyuka benchini, na mimi nikamfuata mbio kwa sababu sikujua anakwenda kufanya nini. Katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake sijamwona akikimbia isipokuwa siku hiyo. Watu wa sokoni walitupisha wakidhani kuna moto. Hemedi alikuwa anamfungia mteja betri za redio. Aliona makoti meupe mawili yakihema mlangoni pake, akainua mikono juu akaanza kujieleza kuhusu leseni.

"Sikuja kwa leseni," Bwana Nampota alimwambia. "Nataka sindano ya deksa. Somoe wa Mkunya anakufa."

Hemedi alishusha mikono. Aliinama chini ya meza, akatoa boksi zima, akaja nalo mwenyewe huku duka limebaki wazi na mteja ana betri zake mkononi. Nasema hivi kwa sababu watu wa maduka yale tumewasema sana, na mimi mmoja wao, lakini siku ile yeye ndiye aliyetutangulia kufika wodini.

Dokta Mushi alisoma kichupa akakiinua kwenye mwanga, akasoma tena, akamchoma Somoe kwenye mshipa. Halafu hakukuwa na la kufanya zaidi ya kungoja, na kungoja ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna chuo kinachoifundisha. Nilirudi maabara kupika mikojo ya watu wengine. Slaidi yake ya malaria niliitazama mara mbili. Haikuwa na kitu. Kila mlango ulipofunguliwa niligeuka. Mchana ukaingia, jua likahama kutoka kwenye kioo cha darubini. Ndipo mhudumu akapita akiwa na bakuli.

"Unapeleka wapi?" nilimuuliza.

"Wodini. Yule wa Kushingi anasema ana njaa."

Bwana Nampota aliweka kalamu mezani, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Mimi nililia wazi. Sioni aibu kuliandika hilo. Nilikuwa nimemshika yule binti kidole asubuhi na kilikuwa baridi, na sasa alikuwa anadai uji na kulalamika kwamba hauna sukari.

Kuanzia kesho yake, maneno yale yalikufa katika hospitali yetu. Bwana Nampota alijaribu kusema "Hakuna protini," akaona ndiyo sahihi zaidi. Lakini kliniki walikuwa wamewafundisha akina mama kula protini, kwa hiyo wagonjwa wakitangaziwa hawana walitoka wamenyong'onyea na kwenda kununua mayai. Mwisho tukakubaliana kuvuka ukumbi kwa miguu na kumnong'oneza daktari, na baada ya hapo mmoja wetu alikaa na mgonjwa akamwomba aeleze kwa maneno yake yeye amesikia nini. Kazi hiyo iliniangukia mimi. Nimeifanya hadi juzi, na nimesikia makubwa.

Miaka mingi baadaye daktari bingwa mmoja aliyetutembelea alinisikiliza nikisimulia habari hii, akacheka, kisha akaacha kucheka. Aliniambia wapo madaktari huko nje waliowahi kutibu baadhi ya wagonjwa wa Cushing, wale ambao tezi yenyewe ina uvimbe, kwa kuchoma asidi ya siki ndani ya tezi kwa sindano ndefu, wakiiona kwenye mashine, ili kuua sehemu inayozidisha. Kumbe siki na Kushingi vinafahamiana. Lakini hiyo ni kazi ya mtaalamu na tone lililopimwa, na Somoe hakuwa na uvimbe wowote. Alikuwa na vidonge tu. Nilitamani Mama Somoe angekuwepo asikie, ingawa nashukuru pia kwamba hakuwepo.

Somoe alipunguza dawa kidogo kidogo, safari hii mama yake akija kuichukua kwetu na kunirudishia mimi maelezo yote neno kwa neno kabla sijamruhusu kuondoka. Iliwachukua miezi. Harusi ikaahirishwa hadi msimu uliofuata, na kule Tandahimba wakaanza kunung'unika. Uso ulipungua, nundu ya shingoni ikaisha, michirizi ikafifia. Mikono ikapata nguvu ya kunyanyua ndoo. Alichobaki nacho ni mwili wake wa zamani, mwembamba, ule ule uliomtia mama yake hofu.

Tulialikwa harusini, mimi na Bwana Nampota na Dokta Mushi, tukakaa mkekani pamoja na ndugu wa bibi harusi. Upande wa bwana harusi walikuja kumchukua mwali wakiongozwa na shangazi mmoja mwenye sauti kubwa. Walipomfunua, shangazi alimzunguka akimkagua juu hadi chini.

"Tulipokuja kuposa alikuwa amenawiri," alisema kwa wote. "Mbona leo mnatupa huyu mwembamba?"

Nilimwona Dokta Mushi anataka kuinuka aeleze habari za tezi, nikamvuta shati. Mama Somoe alimsogelea binti yake, akamweka sawa khanga begani, taratibu, mpaka akaridhika nayo.

"Yule nnene alikuwa anakufa, shangazi," alisema. "Huyu ndiye mwanangu. Mkimtaka, chukueni. Msipomtaka, mimi bado namtaka."

Akapiga kigelegele mwenyewe, kabla ya mtu mwingine.